Kaburi la Kuazima

Mliniacha juu ya baiskeli, Ijumaa mchana, natoka Tororo kwenda Busia, kanzu nimeifunga kwenye keria. Kwa anayenisoma leo mara ya kwanza, nitaeleza kwa ufupi. Jambo lenyewe halina sifa ya kulirefusha.

Mimi ni Ecweru wa kijiji cha Mella. Nilibatizwa nikiwa mchanga, na mama yangu hajakosa kanisa Jumapili hata moja nimjuavyo. Lakini pale Tororo mjini naitwa Jamiru. Jina hilo sikupewa na mtu. Siku niliyokwenda kuomba kazi ya utanboi, kupakia na kushusha mizigo kwenye lori la Mzee Muniru, niliona kofia yake na kanzu yake, nikajiambia huyu hamchukui Mkristo. Aliponiuliza jina, nikasema Jamiru.

Dini hakuniuliza. Nilijisilimisha mwenyewe pale barabarani, bila shehe wala shahidi. Ningesema ukweli angeniajiri vilevile, na kama dini yake ingenivuta angenipeleka kwa shehe nikasilimu kwa heshima mbele za watu. Hilo nimelijua baadaye.

Akaniuliza tena, "Wazazi wako?"

"Walikufa, Mzee."

Baba alikufa kweli. Mama nilimuua kwa ulimi wangu, kwa kuogopa kwamba Mzee angetaka kwenda kumwamkia.

Basi kiangazi kikaingia, pamba zikapungua, lori likawa halifanyi kazi Jumamosi na Jumapili. Kila Jumamosi nikawa napanda baiskeli kwenda Busia, kukutana na rafiki zangu wa zamani, Ojiambo na Okochi. Sisi watatu tulifanya kazi kwenye kinu kimoja cha pamba, tukalala chumba kimoja, tukala sufuria moja. Nyumbani kwa Ojiambo, ng'ambo ya mpaka, tulikuwa tunauzunguka mtungi wa pombe, kila mtu na mrija wake mrefu, tunasema upuuzi na kucheka mpaka jua linazama. Huko niliitwa Ecweru, na sitawadanganya, nililipenda jina langu siku hizo mbili kuliko siku zote.

Mzee aliponiuliza kila Jumamosi nakwenda wapi, nilijibu nini? Nilijibu, "Nakwenda kuzuru kaburi la mama."

Uongo huo ndio ulionipatia mchumba. Mzee alinitaja msikitini kwa sifa. Binti yake Zubaida, niliyekuwa nikimtazama kwa kuiba tangu mwaka jana, alimwambia shangazi yake, na shangazi akaniletea maneno yenyewe, "Mwanamume anayemkumbuka mama yake namna hiyo hawezi kunisahau mimi."

Nikaha ikapangwa. Ndipo Mzee aliposema lile neno lililonipandisha baiskeli Ijumaa ile: "Jumamosi tutakwenda wote kaburini. Siwezi kumchukua mtoto wa mtu bila kumwambia mama yake."

Nikamwambia natangulia Ijumaa kusafisha kaburi, nikamwelekeza kwa Ojiambo. Mpaka hapo mko pamoja nami. Sasa sikilizeni.

Nilimkuta Ojiambo anaezeka jiko lake. Alinitazama kutoka juu ya paa, akacheka kama kawaida yake.

"Leo umewahi! Pombe bado haijaiva, bwana."

"Shuka. Nina shida."

"Shida gani? Umeua mtu?"

"Nimemuua mama."

Alicheka zaidi. Lakini aliposhuka na kuyasikia yote, kicheko kikakatika. Alikuwa anajua naitwa Jamiru kule Tororo, tulikuwa tunalitania sana jina hilo. La mama hakulijua.

"Mama Adeke? Yule aliyetuletea karanga kinuni, Krismasi ile?"

"Huyo huyo."

"Na yuko mzima?"

"Yuko mzima."

"Ulimwona lini?"

Kila Jumamosi nimepiga baiskeli mpaka Busia kunywa pombe, na Mella si mbali kuliko Busia. Nilikuwa sijakanyaga Mella tangu nilipovaa kofia. Nilijiambia naogopa kuonekana. Ukweli ni kwamba niliona haya kumtazama usoni, na kadiri siku zilivyopita haya zilizidi, na haya zilivyozidi sikwenda.

"Sasa kwangu unataka nini?" Ojiambo akauliza.

"Kaburi."

"Kaburi gani?"

"Mama yako yuko hapo nyuma ya nyumba. Mzee akija, tumwambie ni..."

Sikumaliza. Ojiambo alinitazama mpaka nikainamisha macho.

"Ecweru, watu huazima jembe. Huazima baiskeli. Wewe umekuja kuazima mama yangu?"

"Ni kwa saa moja tu."

"Ule udongo uliutia kwa mikono yako. Ulilia hapa kuliko mimi. Ulisahau?"

"Sikusahau."

"Kuna msalaba pale."

"Najua."

"Niliuchonga mwenyewe."

"Najua, Ojiambo."

Akaniacha nimesimama, akapanda tena juu ya jiko lake, akaendelea kuezeka. Hakunisemesha tena jioni ile yote. Mkewe aliniletea chakula, nikala peke yangu kama mgeni asiyejulikana. Nilijua nimemkosa Zubaida. Nilijua pia nimestahili, lakini kujua huko hakukunipunguzia chochote.

Asubuhi nilipotoka nje, nimevaa kanzu na kofia, nilimkuta Ojiambo nyuma ya nyumba. Ameushika msalaba kwa mikono miwili, anautikisa polepole kama mtu anayemng'oa mtoto jino. Ulikuwa umezama vizuri, haukutaka kutoka.

"Mama, samahani," alikuwa anasema kwa Kisamia. "Mama, samahani. Nitaurudisha."

Ulipotoka akaufuta udongo kwa shati lake, akaufunga blanketi, akaupeleka ndani akaulaza kitandani kwake. Mimi nimesimama tu.

"Ojiambo, ndugu yangu, asan..."

"Usinishukuru," akasema. "Ukinishukuru nitakupiga."

Hapo ndipo Okochi alipotokea kwenye uchochoro wa mihogo. Okochi ni Mjapadhola wa Kisoko, mtu wa makelele tangu kuzaliwa. Mrija wake wa pombe alikuwa ameutundika begani kama askari na bunduki.

"Ecweru! Mbona leo navaa kanzu? Nakwenda kuoa ama nakwenda kuzika?"

"Yote mawili," Ojiambo akamjibu.

Tulimweleza. Alicheka mpaka akakaa chini kwenye vumbi.

"Wallahi nyinyi watu! Sasa mimi nakuwa nani hapa? Mjomba ya maiti?"

"Wewe uwe kimya," nikamwambia. "Na huo mrija ufiche."

"Mjomba nalia kidogo?"

"Okochi, kimya!"

Bado anajifuta machozi ya kicheko, tukasikia lori linapanda. Ningelijua lori lile hata katikati ya malori mia. Okochi akauchomeka mrija kwenye paa la jiko, akasimama na uso wa mtu wa dini.

Mzee Muniru alishuka na wazee wawili wa msikitini, na mbuzi wa hitima amefungwa kamba nyuma ya lori. Alikuwa amevaa kanzu ile anayoivaa siku ya Idi. Viatu alivivua mbali kabla hajalifikia kaburi, akaja kwa miguu mitupu juu ya miba.

Akasimama. Akatazama kaburi, akatazama jua, akatazama kaburi tena.

"Jamiru."

"Labeka, Mzee."

"Kaburi hili halikuelekea kibla."

Sikuwa nimelifikiria hilo hata kidogo. Nilifikiria msalaba, nikamfikiria Okochi, kibla sikukikumbuka, mimi niliyekuwa nakielekea mara tano kwa siku. Wazee wale wawili wakaanza kunong'onezana. Mmoja alinitazama kwa jicho ambalo sikulipenda.

"Ni sisi, Mzee," sauti ikasema nyuma yangu.

Ilikuwa ya Ojiambo. Alikuwa amevua kofia yake.

"Ni sisi tuliochimba. Mama aliugua hapa kwetu, akafia hapa kwetu, na huyu alikuwa mbali kazini. Mambo ya dini yenu hatukuyajua. Tulimlaza tulivyojua. Kama tulikosea, kosa ni letu."

Mzee Muniru aliinamisha uso. Nilidhani anakasirika. Kumbe machozi yalikuwa yanamtoka.

"Hamkukosea," akasema. "Mlimzika mgeni kwenye ua wenu, karibu na mlango wenu. Wangapi wangefanya hivyo? Mola atalipokea lililofanywa kwa moyo mwema."

Akamshika Ojiambo mkono kwa mikono yake miwili. Ojiambo aliyekuwa amemvunjia mama yake heshima asubuhi ile kwa ajili yangu, sasa anashukuriwa kwa wema ambao haukuwapo. Nilitamani anipige kweli.

Kisha Mzee akachuchumaa kichwani mwa kaburi. Nilitarajia ataanza kusoma. Hakuanza. Alizungumza kwanza, taratibu, kama mtu aliyebisha hodi akakaribishwa.

"Assalamu alaykum, mama Jamiru. Mimi naitwa Muniru, mtu wa Tororo. Mwanao ninaye mimi. Anakula vizuri, usiwe na wasiwasi. Ni kijana mwaminifu."

Okochi alikuwa bado ana kicheko kidogo usoni. Kikamtoka.

"Nina binti anaitwa Zubaida. Nimekuja kukuomba mwanao awe wangu pia. Ungekuwa hai ningekuletea kanga na sukari. Sasa nimekuletea dua, basi ipokee."

Ojiambo akaanza kulia. Hakulia kwa sauti, alilia mabega yakimtikisika. Alikuwa anamlilia mama yake wa kweli, aliyeongoza nyimbo kanisani, aliyelala pale bila msalaba wake akiitwa mama wa mtu mwingine. Mzee alisimama akamkumbatia.

"Unamlilia mama wa mwenzako hivi?" akasema. "Jamiru, huyu si rafiki. Huyu ni ndugu yako."

Mimi sikulia. Hilo ndilo linalonitesa mpaka leo ninapoandika. Wote walikuwa na machozi, mimi macho makavu, nikihesabu tu nani anaweza kuropoka nini.

Tukainua mikono. Mzee akasoma, nasi tukaitikia. Yasini ilikuwa imefika katikati nilipoona wazee wale wawili wametazama kando, upande wa njia. Nikageuka kidogo, kwa pembe ya jicho.

Mama alikuwa amesimama kwenye uchochoro wa mihogo.

Alikuwa na kikapu kichwani, miguu imejaa vumbi mpaka magotini. Nilijua baadaye kwamba watu wa sokoni walimwambia mwanawe huonekana Busia kila Jumamosi kwa Ojiambo, yu mzima, amenenepa. Akatoka Mella kabla ya jua kuchomoza.

Aliniona. Aliona kanzu, aliona kofia, aliona mikono yangu imeinuliwa juu ya kaburi. Nilimwona anafungua mdomo kuniita.

Na mimi nikatikisa kichwa. Kidogo tu, hivi, kumkataza. Mikono yangu imeinuliwa kwa Mungu, na kichwa changu kinamfukuza mama yangu.

Akaufunga mdomo. Akatua kikapu. Rozari aliyokuwa ameivaa shingoni akaitumbukiza ndani ya gauni, akakaa chini, miguu ameinyoosha mbele kama wanawake wa kwetu wanavyokaa msibani. Akangoja tumalize.

"Amina," Mzee akasema.

"Amina," tukaitikia, na Okochi kwa sauti kuliko wote, maana naye alikuwa amemwona, na alimjua.

Mzee akamwendea.

"Karibu, mama. Nawe umekuja kwenye dua ya huyu kijana?"

Kiswahili cha mama ni cha sokoni. "Mimi napita njia tu, Mzee. Naona watu kwa kaburi, nakaa. Siyo vizuri kupita watu kwa kaburi." Akatazama ule udongo. "Nani nakufa?"

"Mama yake Jamiru, kijana wangu huyu. Ni miaka sasa."

Mama aligeuka akanitazama. Hakunitazama kwa hasira, na hilo ndilo lililonichoma. Alinitazama kama alivyokuwa akinitazama nilipokuwa na homa.

"Pole, kijana," akaniambia.

"Asante, mama," nikasema. Nilimwita mama mbele ya watu wote, na hakuna aliyejua nimesema nini.

"Huyo mama," akaendelea, sasa anamwambia Mzee, "mimi najua yeye. Tunauza pamoja karanga kwa soko."

Ojiambo alishtuka. Okochi alijishika kidevu.

"Ulimjua!" Mzee akafurahi kweli. "Alhamdulillahi! Hebu tuambie. Alikuwa mtu wa namna gani?"

"Hakuna kitu, Mzee. Mwanamke mjinga tu. Hajasoma. Lakini mtoto yake, anapenda sana. Kila mtu nakuja kwa soko, yeye nauliza: umeona mtoto yangu? Umeona mtoto yangu? Mpaka watu nachoka na yeye."

Machozi yakaanza kumtoka. Akayafuta kwa kiganja, upesi, kama mtu anayefukuza nzi.

"Jamiru, unasikia?" Mzee akasema. "Unasikia mama yako alivyokupenda?"

"Nasikia, Mzee."

Mzee akakaa chini karibu na mama, kwenye vumbi, kanzu yake ya Idi na yote. Wazee wale wawili wakashangaa.

"Mama, nina ombi. Ijumaa ijayo nitamwoza kijana huyu binti yangu. Upande wa bibi harusi watu ni tele. Upande wake hana hata mmoja. Siku hiyo binti yangu anatakiwa kushika mkono wa mama mkwe, na mkono hakuna. Nimelifikiria jambo hili nimekosa usingizi. Wewe ulimjua marehemu, na machozi yako nimeyaona. Njoo Tororo. Lori litakufuata popote ulipo. Ukae mahali pake."

"Mimi siyo wa dini yenu, Mzee."

"Sikukuuliza dini. Mama ni mama."

Lo! Sikukuuliza dini. Maneno yale yalinipiga usoni. Mwaka mzima nilimwogopa mtu asiyeuliza, na kwa woga huo nikamzika mama yangu mzima, nikamwazima rafiki yangu marehemu wake. Nilitaka kupiga magoti pale pale na kusema kila kitu.

Lakini nilimwona Zubaida machoni mwangu. Nikamsikia shangazi yake akinisomea yale maneno. Nikanyamaza.

Mama alichukua karanga moja kikapuni akaibanja, akaitazama, akairudisha. Ojiambo alikuwa amesimama kando ya kaburi la mama yake, ananitazama mimi tu. Nilijua anachoningojea niseme.

"Mzee," mama akasema mwishowe, "hiyo jambo siyo yangu na siyo yako. Uliza mtoto. Yeye ndiye nazika mama yake, yeye ndiye najua kama nataka mwingine."

"Umesema kweli," Mzee akasema. "Jamiru, mwanangu, njoo karibu."

Nikasogea. Mama aliinua uso. Vumbi la njia lilikuwa limemganda kwenye nyusi, na machozi yalikuwa yamechora njia mbili mashavuni. Alinyoosha mkono akanishika upindo wa kanzu, akauvuta taratibu, akaniuliza kwa upole, kwa Kiswahili chake kile cha sokoni ili watu wote wasikie na wasishuku kitu:

"Kijana, nakuja mimi, ama unataka mama yako nakaa kwa kaburi?"

Mzee Muniru alikuwa anatabasamu, anangoja jibu langu.